Nilivyotafuta kikao cha walioacha pombe hapa Dodoma

Ukitaka baa Dodoma huna haja ya kumuuliza mtu. Toka Nkuhungu mpaka mjini utazipita nyingine bado zina deki ya asubuhi na tayari kuna wateja. Lakini tafuta mahali wanapokutana watu walioacha pombe ndipo utakapojua kwamba mji huu umekua. Hakuna kibao wala tangazo, na ukimuuliza bodaboda atakuangalia juu mpaka chini halafu akuulize kama una uhakika na unachosema. Naandika kwa ajili ya anayetafuta sasa hivi, hasa mwanamke, maana mimi nilizunguka sana kwa kukosa mtu wa kuniambia vitu vidogo vidogo.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nilihamia hapa 2017 na wizara yetu, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba safari hii inahama kweli. Mume na watoto wakabaki Dar kwa sababu ya shule na kazi yake. Tulikuwa wengi wa namna hiyo, watu wazima wenye familia tunaishi vyumba viwili viwili kama wanachuo. Ijumaa jioni mwenye nauli anapanda basi, asiye na nauli anakunywa. Mimi nilianza na mvinyo wa hapa hapa, ule unaopimwa kwenye madumu, kisha nikahamia vichupa vya pombe kali. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilikuwa vimepigwa marufuku Machi mwaka huo huo, ila kichupa nacho kinaingia kwenye mkoba bila shida. Baadaye nikawa nazimua asubuhi kabla ya kupanda gari la kwenda kazini. Ulevi wenyewe sitausimulia zaidi ya hapo. Kila mlevi anadhani wake ni wa pekee, na tukikaa kusimuliana unakuta hadithi ni moja.

Wa kwanza kujua alikuwa dada yangu mkubwa, yuko Morogoro. Alinisikia kwenye simu ulimi mzito saa nne asubuhi. Akanipeleka kwa mchungaji wake, na yule baba aliniombea kwa upendo, sina neno baya juu yake. Tatizo ni kwamba maombi yaliisha saa saba mchana, na kiu yangu mimi huanza saa kumi na moja jioni. Nilirudi Dodoma, jua likazama, nikawa peke yangu kwenye kochi lile lile, na duka liko hatua chache kutoka mlangoni. Sikuwa nimekosa imani. Nilikosa pa kukaa kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, na mtu wa kukaa naye asiye na glasi mkononi.

Dada hakukata tamaa. Aliona tangazo la dawa ya kuachisha pombe, unga wa kumwekea mlevi kwenye supu bila yeye kujua, akatuma shilingi 80,000. Alipokuja kunitembelea alinipikia supu ya kuku. Nilitapika usiku kucha, moyo unadunda kama unataka kutoka, na jioni iliyofuata nikanywa kama kawaida. Mpaka leo hatujui kulikuwa na nini mle. Daktari alinieleza baadaye kwamba ipo dawa halali inayoitwa disulfiram, ambayo ukiinywa halafu ukagusa pombe, uso unawaka, unatapika, mapigo yanakwenda mbio na presha inaweza kuanguka vibaya. Hupewa mtu aliyekubali mwenyewe na kupimwa kwanza. Kumwekea mtu kitu cha namna hiyo kwa siri ni kucheza na uhai wake, hata kama unampenda kiasi gani. Kwa hiyo ndugu zangu wenye walevi majumbani, hiyo supu msiipike.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe hata kama mengine yote utayaruka. Jumapili moja nilimwaga kila kitu kwenye sinki nikasema basi, kuanzia leo. Jumatatu asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka hata nikashindwa kusaini kitabu cha mahudhurio, nikamwambia mwenzangu nina malaria. Usiku wake shuka likalowa jasho, nikaanza kuona sisimizi wanapanda ukutani na nilipowasha taa wakazidi. Jumanne alfajiri nikapata degedege nikiwa natoka bafuni. Mama mwenye nyumba alisikia kishindo. Angekuwa amesafiri, nisingekuwa naandika hapa.

Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache, degedege huja zaidi katika siku 2 za mwanzo, na kuweweseka kwenyewe, kule kuona na kusikia visivyokuwepo huku homa na mapigo vikipanda, huja kati ya siku ya 2 na ya 4 au ya 5. Huua. Hospitali wana dawa za kutuliza hali hiyo, na hutoa vitamini B1 kwa sababu pombe huimaliza mwilini na ubongo unaihitaji. Kama unazimua asubuhi ndipo mikono itulie, usiache peke yako ukiwa umejifungia chumbani ili majirani wasijue. Nenda hospitali, mwambie daktari unakunywa kiasi gani kwa siku, na usipunguze hesabu. Mimi nilisema bia mbili. Daktari akanitazama tu akasema, “Mama, nikikutibu kwa bia mbili utakufa kwa zile nyingine.”

Nilipotoka wodini nilipewa karatasi ya kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma.

Kwa Mtanzania yeyote jina hilo ni utani toka utotoni. Mtu akifanya kituko anaambiwa akapimwe Mirembe, na mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu hivyo kwenye kikao cha kazi, watu wakacheka. Siku ya kwenda nilivaa mtandio na miwani, nikamwambia bodaboda anishushe kabla ya kufika, nikatembea juani kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Getini mlinzi, mzee wa makamo, akanisalimia vizuri kisha akauliza, “Mgonjwa wako yuko wodi gani, dada?”

Nikasema mgonjwa ni mimi.

“Haya, kliniki ni kule mbele, wahi namba,” akajibu, akageukia gari lililokuwa nyuma yangu. Yaani basi. Aibu niliyoibeba toka Nkuhungu, yeye hakuwa hata na muda nayo.

Kwenye benchi tulikaa watu wa kila aina. Kulikuwa na kijana aliyeletwa na mama yake kutoka Kongwa, mama wa Kigogo aliyenisalimia “mbukwenyi”, salamu ya watu wengi, ingawa nilikuwa peke yangu, na baba mmoja mwenye shati la ofisini aliyekuwa amegeuza kitambulisho chake kikatazama kifuani. Mimi changu kilikuwa kwenye mkoba. Muuguzi aliniuliza maswali 10 yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani: unakunywa mara ngapi, umewahi kushindwa kusimama ukishaanza, umewahi kunywa asubuhi ili uanze siku, kuna mtu amewahi kuumia kwa sababu ya unywaji wako. Kila jibu lina alama, jumla ni 40, na kuanzia 20 wanahofia umeshakuwa mraibu. Nilivuka 20 kabla hatujamaliza. Nililia pale, na yule dada akaendelea kuandika mpaka nilipomaliza, kisha akanisogezea tishu bila kusema pole. Nilimpenda kwa hilo.

Yeye ndiye aliyenitajia kikundi. Alisema dawa zitanitoa kwenye kutetemeka, lakini kukaa bila kunywa ni kazi nyingine na haifanywi na mtu mmoja chumbani. Nikaomba namba ya kiongozi. Akakataa. Badala yake akachukua yangu, akaniuliza kama anaruhusiwa kumpa mtu, akaandika kwamba nimekubali. Nilichukia kidogo, nikidhani ni urasimu, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Watu wa vikundi hivi hawataki majina yao yazagae, na wakiwatunza wenzao watakutunza na wewe. Kwa hiyo ukifika kliniki au kwa afisa ustawi wa jamii usihangaike kudai namba za watu. Acha yako, na hakikisha simu ina chaji.

Simu ilichelewa. Katikati hapo nilijaribu vikao vya AA, yaani Alcoholics Anonymous, kwa njia ya Zoom. Vipo saa zote za usiku na mchana, na havina ada, gharama yako ni bando. Vingi vinaendeshwa kwa Kiingereza. Nilielewa kila sentensi na hakuna iliyonigusa. Kiingereza changu ni cha kuandikia taarifa za robo mwaka, sijawahi kukitumia kusema kwamba niliwahi kumsahau mtoto stendi. Nilipopata kimoja ambacho Wakenya walikuwa wanachanganya Kiswahili, ndipo nilipofungua kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Nikiwa Dar kwa familia nilihudhuria pia cha ana kwa ana. Kwa treni ya SGR nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kwenda tu, kwa hiyo kama mpango wa kila wiki haiwezekani kwa mshahara wangu, ila kwa mtu anayekwenda Dar kwa shughuli nyingine, ni vizuri kujua kwamba vipo.

Hapo pia ndipo nilipojifunza AA ilivyoanza: 1935, mji wa Akron jimbo la Ohio kule Marekani, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe juzi juzi alimtafuta mlevi mwenzake, daktari wa upasuaji, kwa sababu aliogopa kwamba asipoongea na mtu jioni ile ataingia baa ya hoteli. Walikuwa wawili tu. Mambo ya hatua 12 wanazofuata wanachama, na kitabu chao, yalifuata miaka ya baadaye. Sharti lao la kujiunga mpaka leo ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Hawaulizi dini, cheo wala kama umeshaacha.

Kisha simu ikaita, namba ngeni, sauti ya mzee.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti yangu. Namba yako nimepewa kliniki. Leo umeshakunywa?”

“Leo bado.”

“Basi njoo kabla hujaanza.”

Wanakutana kwenye darasa la chekechea, ua wa nyuma wa kanisa, ingawa kikundi si cha kanisa na Waislamu wapo. Viti ni vile vya watoto wa miaka minne. Fikiria fundi magari mwenye mwili wake, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda na mama lishe wa Soko la Majengo, magoti yote yako karibu na kidevu, na ukutani nyuma yao imeandikwa “A ni ya Ananasi”. Nilikuja nimejiandaa kwa mahubiri au kwa kusutwa. Nilichokuta ni mwalimu anasoma hatua ya siku hiyo kwenye karatasi ya fotokopi iliyochakaa, kisha kila mtu anaongea kwa zamu, anayetaka. Ukiongea hakuna anayekukatiza, hakuna anayekupa ushauri, hata kama una jambo ambalo shangazi yeyote wa Kitanzania angerukia kukuelekeza. Kwa watu wetu hilo ni gumu kuliko kuacha pombe. Fundi aliuma mdomo mpaka nikamwonea huruma.

Siku ile sikusema kitu, ikapokelewa. Mwisho wanasimama, wanaomba sala fupi ambayo haimtaji mtume wala mtakatifu yeyote, chai inamiminwa, na kopo la maziwa linazunguka. Mwenye 500 anaweka 500, asiye nayo analipitisha. Linalipia chai, fotokopi na vocha ya kupigia wapya kama mimi. Kikundi hakipokei pesa ya mwanasiasa wala ya kampuni, utaratibu waliouiga kutoka AA, na mzee analisimamia hilo kwa ukali hata mwaka wa uchaguzi.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kuonekana. Dodoma ni mji mkuu, lakini kwa watumishi ni kijiji, ukipiga chafya Mtumba unaambiwa “afya” kule Kisasa. Na kweli, kwenye kikao cha tatu au cha nne akaingia yule baba wa benchi la Mirembe, mwenye kitambulisho kilichogeuzwa. Tulitazamana. Baadaye tumekutana mara nyingi kwenye korido za ofisi, tunasalimiana “habari za kazi” na kupita. Kinachosemwa darasani kinabaki darasani, na sijawahi kusikia langu limerudi kwangu kutoka nje.

Si kila mkusanyiko unaojiita wa waraibu uko hivyo. Kabla ya hapo nilikwenda sehemu moja, sitaitaja, ambako mkuu wake alitaka nisimame mbele ya watu wote nitubu, halafu akaniuzia chupa ya virutubisho vya kusafisha ini. Niliulizia pia nyumba moja ya upataji nafuu, zile ambazo waraibu huishi kwa miezi wakijifunza kuishi bila kilevi. Wakanitajia laki tatu na nusu kwa mwezi, na walikuwa na chumba cha wanaume tu. Wapo wanaosaidiwa sana na nyumba hizo. Ukienda kuangalia, omba kuona wanapolala, uliza nani anatoa dawa na kama kuna mtu wa afya, na uliza ndugu wanaruhusiwa lini kukutembelea. Wakisita kwenye hilo la mwisho, ondoka.

Kwa wanawake nina maneno ya ziada, na mengi nimeyapata kwa yule mama lishe. Alinikalisha pembeni yake akaniambia, “Mdogo wangu, hapa wote ni wagonjwa, na wanaume wagonjwa nao ni wanaume.” Miezi ya mwanzo usikubali lifti ya mtu mmoja usiku, hata kama ana mwaka wa kumi hajagusa pombe. Usikopeshe, usikopeshwe. Sponsa wako, yule mwenzako aliyetangulia wa kumpigia kiu inapokuja, awe mwanamke. Mimi sponsa wangu ni yeye. Nikimpigia saa kumi na mbili jioni namsikia anasugua masufuria huku ananisikiliza, na mara nyingi tunaishia kuongea bei ya mchele.

Nilianguka mara moja, kwenye sherehe ya kumuaga mstaafu wa idara yetu. Nilikuwa nimeshika juisi ya rozela, mtu akaweka glasi ya mvinyo mwekundu pembeni yake, rangi moja, na mkono wangu ulijua upi ni upi vizuri sana. Nilikunywa siku kadhaa mfululizo. Kilichonirudisha ni kwamba nilikuwa na mahali pa kurudi. Niliingia darasani kichwa chini, mwalimu akaendelea kusoma, mama lishe akanisukumia kiti kwa mguu. Daktari wangu akaniuliza upya kiasi nilichokunywa, na safari hii nilitaja kilichokuwepo. Siku hizi kwenye sherehe nashika chupa ya maji iliyofungwa, naifungua mwenyewe, na naondoka baada ya chakula kabla ya muziki.

Mume wangu ilimchukua muda. Yeye alitaka nipone kama mtu anavyopona homa, Jumatatu mgonjwa, Ijumaa mzima, na kila nilipoenda kikaoni alihisi naenda kumsema. Ndugu wa walevi wana mkusanyiko wao duniani, Al-Anon, ulioanzishwa 1951 na wake wa wanachama wa AA. Hapa tulichoweza ni kidogo: mke wa mzee aliongea naye kwa simu jioni kadhaa, mama wa watu aliyepigwa na kudanganywa miaka, na sijui alimwambia nini, ila mume aliacha kunusa pumzi yangu mlangoni.

Kama uko Mpwapwa, Kondoa, Kongwa au Manyoni na unadhani haya ni ya mjini, anzia hospitali ya wilaya. Dirishani usianze hadithi, omba kuonana na muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, kisha ukiwa naye mwambie hivi: nakunywa kila siku, nataka kuacha, naomba nisaidiwe kuacha salama, na kama kuna mwingine aliyekuja na tatizo hili naomba tukutanishwe akikubali. Kikundi chetu kilianza hivyo hivyo, mzee na fundi kwenye foleni ya dawa, wakakubaliana kunywa chai pamoja Jumatano.

Siku zetu bado ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Mahali siandiki, kliniki wanajua. Kama una magoti mabovu uwahi, kuna benchi moja tu la watu wazima na fundi analipenda.